Mabuti kwa Miguu Iliyonyamaza

Daktari aliniambia nifumbe macho. Angenigusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, nami niseme kila nikisikia. Nikasema, "Hapo." "Duane," akasema, "bado sijakugusa."

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikichuruzika kwenye mapaa. Kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa na nilidhani tumeshazoeana. Kumbe kilikuwa kinanila kimyakimya kuanzia chini. Ganzi ilikuwa imeshika miguu yote miwili hadi kwenye vifundo, na daktari hakunizungusha: lengelenge moja la kiatu nisilolijua, au vidole vigande bila mimi kuwa na habari, basi mguu unaoza na unakatwa. Nikamuuliza kuhusu msimu wa kuwinda kulungu. Akaweka kalamu chini. "Ukae kwa saa tano juu ya mti ukivizia kwenye baridi ya Novemba, na miguu hiyo? Baki nyumbani. Na kama huwezi kubaki, basi wenzako wote wa kambi ya uwindaji wajue, wawe wanakukagua."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Marlys, kwamba daktari amesema nipunguze viazi.

Sijisifu kwa uongo huo. Lakini kama ungemjua marehemu mjomba Onni, ungenielewa. Onni alikuwa na shabaha kuliko wote kambini hadi alipopoteza vidole vitatu vya mguu. Mwaka uliofuata wenzake walimfunga aproni, kwa kicheko na kwa mapenzi, wakamfanya mpishi. Siku zote kumi na sita za msimu alikuwa akikoroga supu na kusikiliza bunduki za wenzake kwa mbali, akikisia nani amepiga. Jioni wakirudi walimsifu kwa supu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliuona uso wake kila walipomsifu. Mimi sikutaka kusifiwa kwa supu.

Basi nikaficha. Miezi yote ya joto, kila jioni, nilijifungia bafuni, nikaweka kioo sakafuni na kukagua nyayo zangu kama mtu anayekagua mayai ya kuuza. Marlys alidhani nimerudia sigara kwa siri. Nilimwacha adhani hivyo.

Kilichoniponza ni mabuti. Yale ya zamani yalipasuka mpira kwenye kisigino, na mtu haendi msituni Novemba na buti linaloingiza maji. Na buti la baridi halichaguliwi kwa macho, linachaguliwa na mguu wenyewe. Likibana, damu haipiti na vidole vinaganda hata ukivivika sufu ya kondoo mzima. Likipwaya, kisigino kinasuguliwa hadi kinachubuka. Mguu ndio unaosema hapa pananibana, hapa panacheza, na miguu yangu ilikuwa haisemi neno.

Nilipanga kwenda dukani peke yangu, nijichagulie polepole pasipo mtu wa kunitazama. Asubuhi ya tarehe kumi na tatu, siku mbili kabla ya ufunguzi wa msimu, kaka yangu Harlan akapiga simu.

"Unaenda kwa Verna leo?"

"Labda."

"Labda ya nini? Nakupitia. Na mimi nataka mabuti."

"Si ulinunua juzijuzi tu?"

"Panya wamekula bitana. Vaa, nakuja."

Harlan ananizidi miaka sita. Alifanya kazi mgodini miaka thelathini, mkewe amefariki, na anaishi na mbwa mmoja asiyempenda binadamu mwingine yeyote. Tangu baba yetu afe yeye ndiye mkubwa wa kambi. Ndiye anayegawa mahali pa kuvizia, ndiye anayemwagia maji mawe ya moto ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, ndiye anayeamua nani apike. Katika watu wote wa dunia hii, yeye ndiye niliyeogopa zaidi kwamba atajua.

Dukani kwa Verna Ruona hakuna anayejichukulia boksi rafuni. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa baba yake na ndivyo ilivyo sasa. Unakaa kwenye benchi, unavua viatu, na Verna, mwenye miaka yake sabini na kitu, anapiga magoti mbele yako, anabonyeza ncha ya buti kwa dole gumba lake na kukuhoji. Njia nzima ndani ya gari la Harlan nilikuwa nikijifundisha majibu kimoyomoyo. Kidole gumba kinacheza. Kisigino kimetulia. Juu hapabani.

Duka lilijaa wanaume wenye haraka. Verna alipotufikia alinitazama mimi. "Msituni unakaa au unatembea?"

"Huyu anakaa," Harlan akajibu kabla yangu. "Akishapanda mtini ni kama kuku anayeatamia. Mpe ya gramu elfu mbili, yale yenye bitana nzito kuliko yote."

"Nimekuuliza wewe?"

"Natembea kama nusu saa hadi kwenye kiti changu cha kuvizia mtini," nikasema, "halafu nakaa mpaka mchana."

"Nusu saa ndani ya gramu elfu mbili, utafika soksi zimelowa jasho. Jasho likipoa ndilo litakalokugandisha. Wewe ni gramu elfu moja. Soksi nyembamba ndani, ya sufu juu yake, basi. Wanaovaa tatu ni wapumbavu."

"Mimi navaa tatu mwaka wa arobaini huu," Harlan akasema.

"Kwani mimi nimesemaje?"

Benchi zima likacheka, na Harlan akacheka kuliko wote, akaenda zake kutazama visu kwenye kabati la kioo. Verna akaniletea boksi, na hapohapo mtu akamwita kwenye mashine ya malipo. "Jaribu hayo, nakuja."

Nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nilivaa upesiupesi, nikafunga kamba, nikasimama. Arudi anikute nimeshamaliza, asiwe na sababu ya kupiga magoti na kubonyeza chochote. Nikatembea hadi dirishani na kurudi. Nikazunguka rafu za kofia. Mara nne nilizunguka, nikipiga hatua nzito za mtu aliyeridhika, na moyo wangu ukianza kupoa.

"Vipi?" Verna alikuwa amerudi, mikono kiunoni.

"Yamenikaa barabara."

"Kidole gumba?"

"Kinacheza."

"Kisigino?"

"Kimetulia kabisa."

Hakuwa anatazama miguu. Alikuwa ananitazama usoni. "Kaa," akasema. "Vua la kushoto."

Alilichukua buti, akaingiza mkono hadi ndani kwenye ncha, akatoa bonge la karatasi. Lile ambalo kiwandani wanashindilia ndani ya kila buti jipya ili lisibonyee. Lilikuwa bonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, na sasa limekanyagwa likawa bapa, alama za vidole vyangu zikiwa juu yake moja baada ya nyingine.

Harlan alikuwa hatua nane hivi kutoka pale, ametupa mgongo, anamuuliza mtu bei ya kisu. Verna alilitia lile bonge kwenye mfuko wa aproni yake, akainama kama anayenifunga kamba.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, Duane. Mume wangu Sulo alianza hivihivi. Alishinda kutwa nzima na msumari ndani ya kiatu, jioni ananisimulia habari za mvua. Nani anajua?"

Nikaanza kulifungua buti la kulia.

"Marlys?"

Nikatikisa kichwa.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, "na wewe husikii hata la guu lenyewe. Simama hapa."

Alichana kifuniko cha boksi, akakiweka sakafuni, akanisimamisha juu yake na soksi zangu mbili, akachora kwa penseli kuzunguka mguu. Kisha akakata mchoro ule kwa mkasi na kuutumbukiza ndani ya buti nililolisifu. Kadibodi ilijikunja pembeni. "Unaona? Lingekula kidole chako kidogo hadi saa sita mchana." Akaleta boksi lingine, namba ileile ila pana zaidi, akatumbukiza tena. Safari hii kadibodi ililala, na mbele ikabaki nafasi ya kidole kimoja.

"Kuanzia leo unanunua viatu kwa njia hii," akasema. "Na ukiwa kule juu ya mti, kila saa vua buti, shika vidole vyako kwa kiganja. Mkono wako bado unajua baridi. Lakini hilo halitoshi na unajua halitoshi. Mwambie kaka yako. Ufunguzi ni keshokutwa. Saa mbili asubuhi ya siku hiyo nampigia Marlys simu, nitamwambia mimi."

"Verna, utaniharibia."

"Nitakuharibia nini, mguu?"

Harlan akaja huku anapuliza mluzi. "Mnanong'ona nini ninyi? Verna, unaposwa?"

"Anataka nimpunguzie bei. Kaa hapo nikupime."

"Unipime mimi? Namba yangu naijua tangu jeshini." Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akajishushia mwenyewe boksi la gramu elfu mbili, jambo ambalo sijapata kumwona mtu akilifanya ndani ya duka lile, akaenda kulipa. Nilikuwa nimejawa na hofu yangu mwenyewe na sikulitilia maanani. Verna alimfuata kwa macho hadi mlangoni.

Jioni ile kioo kilinionyesha kile nilichokuwa nikikitafuta tangu mwezi wa nne. Chini ya kidole gumba cha kushoto palikuwa na lengelenge, dogo, jekundu. Mizunguko minne tu ya dukani. Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea nikilitazama, na niliogopa kweli. Nikalisafisha, nikalifunga plasta, nikavaa soksi. Marlys akaniuliza mlangoni kama nimemaliza kuvuta.

Kesho yake tuliondoka mchana na gari la Harlan. Hadi kambini ni mwendo wa saa moja na nusu, nusu yake ni barabara ya malori ya magogo yenye theluji juu ya matope, na niliapa kwamba kabla hatujafika nitakuwa nimesema. Nilifungua kinywa mara ya kwanza tukiwa tumevuka daraja. Harlan akanyoosha kidole: nyayo mbichi za dume kando ya barabara. Tukasimama, tukazitazama, maneno yakanipotea. Mara ya pili yeye ndiye aliyetangulia.

"Nimefikiri," akasema huku macho yake yakiwa barabarani. "Mwaka huu chukua kile kiti cha baba."

Kiti cha baba kiko juu ya mwerezi mkubwa kwenye kona ya bwawa. Kila anayekikalia anapata kulungu. Harlan amekikalia miaka ishirini na miwili na hajawahi hata kunialika nikione vizuri.

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kile kibanda cha chini, karibu na nyumba. Nimezeeka, mdogo wangu. Macho siyo yale. Baba angependa ukipate wewe."

Sasa niambie, mtu amepewa kitu hicho, atafunguaje kinywa aseme kwamba hafai hata kwenda msituni? Nilimshukuru. Nikageuza uso, naye akadhani ni furaha, akanipiga bega. Nikaangalia dirishani njia iliyobaki yote nikihesabu saa. Kulikuwa kumebaki saa kumi na nane kabla Verna hajanyanyua simu.

Kambini tulimkuta Gordy, ndugu yake Marlys, ameshawasha sauna na moshi umesimama wima juu ya misonobari. Gordy ni shemeji yangu na hajawahi kunisamehe kwa kumwoa dada yake, au hivyo ndivyo anavyopenda kusema. Alikuwa ameleta pasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi, za kutosha kikosi cha jeshi, na soseji moja nene iliyojikunja kama kiatu cha farasi, ya kuchoma juu ya mawe ya sauna. Mabuti tuliyaacha ghalani, mbali na harufu ya vitunguu, kwa sababu kulungu ana pua kuliko mbwa.

"Saa kumi na moja ndani," Gordy akatangaza.

"Mimi leo siingii sauna," nikasema. "Nina mafua."

Wote wawili wakageuka kunitazama. Usiku wa kuamkia ufunguzi kila mtu anaingia sauna. Baba aliingia akiwa na ubavu uliovunjika. Onni aliingia kwa magongo.

"Mafua dawa yake nini, shemeji?" Gordy akauliza. "Si ndiyo hiyo? Au unaogopa tukuone ulivyonenepa?"

"Mwache," Harlan akasema. "Ataingia."

Nikaingia. Nilikuwa uchi kama walivyokuwa wao, ila miguuni nina soksi zangu za sufu.

Gordy alitazama, akafumba macho, akayafungua tena. "Harlan. Hebu nambie kama unaona ninachoona."

"Naona," Harlan akasema. "Bibi yetu huko kaburini naye anaona."

"Soksi. Mtu ametoka tumboni mwa mama Mfini, watu walioleta sauna duniani, kaingia sauna na soksi."

"Nina kuvu miguuni," nikasema. "Kali. Inaambukiza."

Gordy aliinuka hapohapo akahamia mwisho wa benchi, akavuta na taulo lake. "Hiyo dada yangu anaijua? Ama ndiyo imekuja na mahari?" Harlan alicheka hadi akashikilia ukuta. Nikapanda benchi la juu, nikakunja miguu chini yangu, nikaona nimepona. Nilipona kwa uongo wa kuvu. Ndiyo hali niliyofikia, mtu wa miaka hamsini na minane.

Harlan hakukaa. Yeye huwa anasimama karibu na jiko, kata ya maji mkononi, anamwagia mawe na kusimulia. Ni jiko la chuma, refu kufika kiunoni, na uzio wake wa mbao wa kuzuia mtu asiliguse ulivunjika mwaka jana na kila mmoja wetu alimwachia mwenzake autengeneze. Alimwaga maji, mvuke ukatupanda, akaanza kile kisa cha baba alivyofukuzana na kulungu aliyekuwa keshamfunga lebo ya kibali cha uwindaji akidhani amekufa. Tumekisikia mara mia. Mimi nilikuwa namsubiri Gordy atoke kwenda kujiviringisha kwenye theluji apoe, tubaki wawili, niseme. Nilikuwa nimeshapanga neno la kwanza. Neno la kwanza lilikuwa "Kaka".

"Inanukia vizuri hiyo," Gordy akasema. "Imeanza kuiva."

"Nini?" Harlan akauliza, akakerwa kukatizwa.

"Soseji. Nani ameiweka?"

"Mimi sijaiweka."

"Duane?"

"Sijaigusa," nikasema.

Soseji ilikuwa kwenye ndoo ya maji baridi karibu na mlango, imefungwa kwenye karatasi yake ya foili, na barafu bado iko juu yake. Niliiona hapo. Na Harlan alikuwa ameshaendelea na kisa, anaigiza sauti ya baba akiita msaada, na niliteremsha macho yangu kutoka usoni mwake polepole, kwa sababu mwili wangu ulijua kabla yangu. Mguu wake wa kulia alikuwa ameuegemeza pembeni mwa jiko. Unyayo mzima, kwenye chuma. Anacheka.

Sijui nilivyoruka kutoka benchi la juu. Nilimkumba kwa bega, tukaanguka wote juu ya Gordy, kata ikagonga ukuta.

"Una wazimu wewe?" Harlan akafoka.

"Mguu wako!"

Akautazama. Sitasimulia ulivyokuwa. Lakini nilikuwa naangalia uso wake, nikingoja maumivu yafike, na hayakufika. Kilichofika ni kitu kingine. Ilikuwa sura ya mtu aliyefumaniwa. Niliijua mara moja, nimeivaa tangu mwezi wa nne.

"Nimeteleza," akasema.

"Umeteleza?" Gordy alikuwa ameshainuka. "Harlan, ulikuwa umesimama hapo. Umesimama unasimulia."

"Nimesema nimeteleza. Sasa hivi tu. Siyo kitu, nipe taulo."

Nikakaa pale sakafuni, kwenye maji, nikavua soksi zangu. Nikabandua na plasta. Niliinua mguu wa kushoto nikauweka mbele yake.

"Hili lengelenge nimelipata dukani kwa Verna," nikasema. "Nilitembea juu ya bonge la karatasi na sikujua. Sina kuvu. Sisikii kitu, kaka. Miguu yote miwili. Tangu mwezi wa nne."

Alilitazama lengelenge. Maji yalikuwa yanachemka juu ya mawe.

"Mwezi wa nne," akasema mwishowe. "Mimi huu mwaka wa tatu."

Gordy akamwaga matusi ya chini kwa chini, akachukua ndoo ya maji baridi, akatoa soseji, akautia mguu wa Harlan ndani. Harlan aliuacha utiwe, kama vile ni mguu wa jirani.

Na mimi hasira ikanishika, hasira ambayo nusu yake ilikuwa hofu. "Miaka mitatu? Na gari unaendesha? Umenileta hapa kwenye barafu, pedali unazikanyagaje?"

"Nasikiliza injini."

"Unasikiliza injini!"

"Ukiizoea, inakwambia."

"Na kiti cha baba? Macho, umesema. Umezeeka, umesema."

Hakunitazama. "Ngazi," akasema. "Nikiwa juu pale sijui mguu uko kwenye kidato gani. Mwaka jana nilibaki juu mpaka giza, nikiogopa kushuka. Niliteremka kwa tumbo." Akapangusa uso. "Nilitaka tu mtu wa kwetu akikalie. Sikujua na wewe umekufa miguu."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata kimoja. Tulimvisha nguo, tukamfunga mguu kwa taulo safi lililolowa, Gordy akambeba mgongoni hadi kwenye gari lake. Barabarani tulipishana na magari ya watu wanaokwenda makambini, moja baada ya jingine, taa zao zimejaa theluji, na kila moja lilipiga honi kidogo kututakia msimu mwema. Gordy alirudisha honi kila mara. Harlan alikaa kiti cha nyuma, mguu umelala mapajani mwangu. Niliushika njia nzima kwa mikono yangu miwili. Alijua nimeushika kwa sababu alikuwa anaona.

Hospitalini muuguzi kijana mwenye kalamu shingoni alifungua lile taulo, akavuta pumzi, akajikaza kwa ustadi. Aliuliza jina, umri, dawa anazotumia. Kisha akauliza lile swali wanalouliza kila mtu: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?

"Sifuri," Harlan akasema.

Kalamu ikasimama. Muuguzi akautazama tena ule unyayo, akamtazama usoni. "Samahani, mzee. Sifuri ni kwamba huumwi kabisa. Sasa hivi, hapa, unaumwa kiasi gani?"

"Sifuri," akarudia kaka yangu, na safari hii akajifunika uso kwa kofia yake ya kuwindia, akalia kwa sauti mbele yetu sote.